Bia ya Keki kwenye Matanga ya Mama

Niliichukia bia ile kabla sijaionja, na nataka hilo lijulikane mapema ili mtu asije akanihurumia bure. Ilikuwa bia nyeusi ndani ya chupa fupi nene, na kwenye karatasi ya chupa palichorwa kipande cha keki chenye ndizi zilizokatwakatwa juu yake. Mimi napika pombe. Mama yangu alipika pombe. Hapa Baraka, mji wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, ukiuliza nyumba ya pombe ya ndizi isiyoumiza kichwa, utaletwa mlangoni kwangu hata na watu wasionipenda, nao ni wengi. Nimekunywa pombe ya ndizi, ya mtama, ya mahindi, na ile kali ya muhogo inayowaka ukiisogezea kiberiti. Pombe ya keki sikuwa nimewahi kuisikia. Aliyeileta alikuwa mdogo wangu wa tumbo moja, na yeye nilimchukia kuliko bia yake.

Alikuja kumaliza matanga ya mama, mwaka mmoja baada ya mazishi ambayo hakuja. Mazishi aliyatazama kwenye simu. Binamu yetu alisimama juu ya kiti akaiinua simu ili yule wa Marekani aone jeneza, na mimi niliyemwosha mama kwa mikono hii nikaambiwa nisogee kidogo kwa sababu nilikuwa naziba picha. Nilisogea. Sijasahau.

Tulizaliwa wawili tu. Vita vilipofika kwetu Lweba yeye alikuwa na miaka sita, mimi kumi na sita. Mtumbwi ulijaa, baba akapanda na mtoto wa kiume, mama na mimi tukabaki ufukweni na sufuria kichwani. Walivuka ziwa, wakaingia kambi ya wakimbizi upande wa Tanzania, baba akafia huko, na miaka mingi baadaye mtoto akachukuliwa kwenda Marekani pamoja na wakimbizi wengine. Tangu siku ya mtumbwi ule mama alikuwa na mtoto mmoja, yule asiyekuwepo. Mimi nilikuwa mikono ya kuchota maji na kukamua ndizi.

Jumapili tukitoka kanisani mama alikaanga mikate midogo ya ndizi mbivu na unga wa muhogo. Aliiacha ikaungua kidogo pembeni, makusudi, alisema utamu uko pale penye kuungua. Kila mara alitenga mmoja kwenye sahani na kuufunika kwa bakuli. "Hii ni ya yule wa ng'ambo," alisema, na hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. Kesho yake asubuhi ulikuwa umepoa na kukauka, naye alinisukumia sahani bila kuniangalia. Nimekula sehemu ya mdogo wangu kwa miaka zaidi ya ishirini, na sikuwahi kuila bila hasira.

Basi akateremka kwenye gari la kutoka Uvira, siku zile barabara ilipokuwa inapitika, mnene, amejaa vumbi, anacheka na kila mtu. Alinikumbatia akaniita dada. Kwetu dada mkubwa anaitwa yaya, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kimenyooka kama cha watangazaji wa redio ya Tanzania. Majirani walifurahi kumsikiliza. Mimi nilikereka mpaka kwenye meno. Alikuwa amebeba chupa kumi na mbili, kila moja ndani ya soksi, soksi ndani ya suruali. Mbili zilipasukia njiani na nguo zake zote zikanuka keki. Mimi ndiye niliyezifua, na nilipozianika sisimizi walipanda kamba mpaka kwenye mifuko.

Mchana wa siku ya pili nilikuwa jikoni uani, nakamua ndizi kwa majani kwa ajili ya pombe ya matanga. Akaja akachutama mbele yangu na chupa moja mkononi. Aliniambia kazi yake huko ni kwenye kiwanda kidogo cha bia, watu wanane tu, kwamba alianza kwa kuosha mapipa na sasa wanamwachia apike ya kwake.

"Dada, hii nimeipika mimi mwenyewe," akasema. "Kule wanaiita bia ya dessert."

"Dessert njo nini?"

"Kitu kitamu cha kula baada ya chakula."

"Siye huku tukimaliza kula tunanawaka mikono, tunasimama. Hiyo bia yako itakuta batu bamekwisha kwenda."

Alicheka. Mtu ukimtupia neno la kumuumiza halafu akacheka, hasira inakurudia yote. Akaendelea kueleza, ametia ndizi zilizoiva sana, sukari iliyounguzwa, vanila, na sukari inayotoka kwenye maziwa ili bia iwe nzito mdomoni. Alizungumza haraka, mikono ikienda huku na huku, na nilimtambua mama katika ile mikono, jambo ambalo halikunipendeza hata kidogo.

"Kuna ladha naitafuta tangu niko kambini," akasema. "Sijui ni ya nini. Wenzangu walipoonja wakasema keki ya ndizi, ndiyo maana wakachora keki. Mimi naona siyo keki, ila sina jina lake. Onja wewe, dada. Wewe ndiye fundi, labda utanitajia."

"Mi sikunywaki bintu ya tamu," nikamjibu, mimi ninayetia vijiko vitatu vya sukari kwenye chai. Nikaendelea kukamua.

Aliiweka chupa chini, kisha akanieleza kilichomleta hasa. Alitaka kiwanja. Alitaka baba mkubwa, kaka yake marehemu baba yetu, amwonyeshe mahali pa kujenga Lweba, karibu na michikichi ya baba, ili akizeeka arudi awe mtu wa kwao. Kule, alisema, yeye ni mkimbizi, na kambini alikuwa mkimbizi, na amechoka. Baba mkubwa alikuwa ameshakubali kulisema neno hilo mbele ya ukoo siku ya matanga, wakishakunywa kinywaji alichokuja nacho. Ukoo ukinywa cha kwako, wewe ni mtoto wa nyumbani. Usiponywewa, huna pa kuanzia.

"Ni hilo tu ninaloomba," akasema. Nilikunja majani makavu ya kukamulia nikayatupa. Nilijiambia, hilo tu! Wakati mimi niliyebaki hapa sijawahi kuonyeshwa hata pa kuanika muhogo.

Sasa lazima niseme jambo ambalo kila mtu wa huku kwetu Fizi analijua na hakuna anayelifundisha. Anayeleta kinywaji ndiye anayeanza kukinywa, mbele ya macho ya watu. Anajimiminia, anameza, watu wanaona koo likicheza, ndipo wanapokea. Kwetu watu wanaogopa sumu kuliko risasi. Na anayepokea hawezi kumwambia mwenye kinywaji "anza wewe," kwa sababu kusema hivyo ni kumshtaki kwamba ametia kitu. Kama mwenye kinywaji ni mgeni au amejisahau, mmoja wa nyumba yake ndiye anayemnong'oneza, au anachukua kikombe na kunywa kwa niaba yake. Siku ya matanga mtu wa nyumba yake alikuwa mmoja, mimi.

Mdogo wangu hakulijua hilo. Aliondoka mdogo mno. Kambini walikunywa walichokipata, na Marekani, nadhani, wanaamini chupa. Nilijua kwamba halijui. Nililijua tangu pale jikoni aliposema, "Nitawahudumia wazee kwanza, mimi nitakunywa mwisho." Nilisikia vizuri sana. Nikamwambia ashike mtungi upande ule tuusogeze kivulini.

Siku ya matanga tulisali asubuhi, tukala, wali na maharage na ndakala, dagaa wa ziwa letu, na nyama ya mbuzi. Majirani Waislamu wa upande wa ziwa walipewa chai yao kando, wakatupa pole wakaenda zao. Chini ya turubai wakabaki wazee, baba mkubwa katikati kwenye kiti chenye mikono, shangazi kando yake. Mimi nilisimama karibu na mtungi wangu na kibuyu cha kuchotea mkononi. Nilikuwa nimevaa kitambaa cha mama kichwani.

Baba mkubwa akasema, "Mutoto ya ndugu yangu ametoka mbali, amekuya na kinywaji yake. Tutakunywa, kisha nitasema ile neno ya kiwanja, bote basikie."

Mdogo wangu akafungua chupa sita. Harufu ikatanda chini ya turubai, harufu ya ndizi iliyoungua, na shangazi akainua pua. Akamimina kwenye gilasi nilizoazima kwa jirani. Ya kwanza akaichukua kwa mikono miwili, akapiga goti mbele ya baba mkubwa, akampa. Ya pili akampa shangazi. Akazunguka wazee wote hivyo hivyo, kwa goti na mikono miwili, kwa adabu ambayo sikuwahi kuiona kwa vijana wa hapa. Alipomaliza akasimama katikati, mikono mitupu, akitabasamu.

Baba mkubwa aliiweka gilasi juu ya goti. Hakunywa. Wote hawakunywa. Waliitazama mikono mitupu ya mdogo wangu, kisha mmoja baada ya mwingine wakanigeukia mimi.

Neno lilikuwa moja tu, "Anza." Hata neno halikuhitajika, ningepiga hatua nne nikachukua gilasi nikanywa. Ningeweza kuifanya ionekane mzaha, wakacheka, yakaisha. Niliinama nikaanza kufuta mdomo wa mtungi ambao nilikuwa nimeshaufuta. Niliufuta polepole, kuzunguka, mara mbili. Nilikuwa na raha, nisidanganye. Miaka ishirini na zaidi nilikuwa mikono, na siku ile kila kitu kilisubiri mikono hiyo.

"Karibuni, baba. Kunyweni," mdogo wangu akasema. "Ni tamu sana."

Hakujua kwamba kila anavyowahimiza ndivyo anavyojizika. Akaanza kueleza vilivyomo, kama alivyonieleza mimi jikoni. Alipofika kwenye sukari ya maziwa shangazi akamwinamia mwenzake akasema, si kwa sauti ndogo, "Anasema muko maziwa ndani ya pombe?"

Baba mkubwa akaifunika gilasi kwa kiganja. Akaishusha chini taratibu, kando ya mguu wa kiti, bila kumwaga hata tone. Wengine wakafanya vivyo hivyo. Ardhi chini ya turubai ikajaa gilasi nyeusi, na inzi walikuja mara moja.

"Asante, mutoto," akasema. "Tumepokea." Akanigeukia. "Mama, lete ile ya nyumbani."

Nilichota. Nikajimiminia kwanza, kwenye gobleti, kikombe changu cha plastiki, nikanywa mpaka chini mbele ya watu wote, nikajifuta mdomo kwa mgongo wa mkono. Sijawahi kunywa kwa madaha kama siku ile. Kisha nikawahudumia, nao wakanywa, wakasifu, wakasema mkono wa mama umebaki. Neno la kiwanja halikusemwa. Baba mkubwa alizungumzia mvua, akaaga, na wote wakaondoka jua likiwa bado juu.

Mdogo wangu alinisaidia kuokota gilasi. Alikuwa ameduwaa. "Nimekosea wapi, dada?" akaniuliza.

Nilikuwa na nafasi ya pili, basi. Watu wengi hawapewi. Nikamwambia, "Iko tamu sana. Bazee habapendi bia ya tamu."

Aliliamini neno hilo kama mtoto. Akasema "Ah," akatikisa kichwa, akasema ni kosa lake, angeuliza kwanza. Siku tatu baadaye aliondoka. Chupa nne ambazo hazikufunguliwa aliniachia. Nilimwambia nitazimwaga.

Sikuzimwaga. Juma moja halikupita nikafungua ya kwanza, nikaketi jikoni na mlango umefungwa mchana kweupe, nikaonja nikiwa nimekunja uso tayari. Povu lake lilikuwa la rangi ya mchanga. Mdomoni ilikuwa nzito, mwanzo ndizi, katikati sukari, na nilipokuwa naandaa tusi langu ikaja ile ladha ya kuungua pembeni. Nilishusha gilasi. Haikuwa keki. Keki ilikuwa upumbavu wa wale waliochora. Ilikuwa mkate wa ndizi wa Jumapili wa mama, wa moto, uliotoka sasa hivi kwenye mafuta, ambao mimi niliufahamu zaidi ukiwa umepoa. Mtoto wa miaka sita alikuwa ameubeba mdomoni kuvuka ziwa, akaubeba kambini, akaupeleka Marekani, na hakujua ni nini. Alikuja kuniuliza jina lake, na nilikuwa nalo.

Nilikasirika. Nilimkasirikia kwa sababu ilikuwa bia nzuri. Nilimkasirikia mama aliyemlisha yeye mkate wa moto. Nilizinywa zote nne kwa miezi miwili, peke yangu, na sikumwambia mtu.

Wakati huo maneno yalikuwa yanatembea. Nilianza kuyasikia sokoni, kwa wanawake wanaonunua dagaa, kisha kwa wateja wangu wenyewe. Kwamba yule wa Marekani alileta kinywaji asichokinywa mwenyewe. Kwamba hata dada yake alikiogopa. Kuna aliyerudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Misisi akanisimulia habari hiyo bila kujua kwamba mimi ndiye huyo dada. Nilimfukuza, na pombe yake hajaimaliza.

Nikaenda kwa baba mkubwa. Nilikwenda kugombana, nimwulize kwa nini anaacha watu wamchafue mtoto wa ndugu yake. Nilimkuta anachambua mbegu za maharage kwenye ungo. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakuacha kuchambua.

"Mi nilikuwa nataka kukunywa," akasema. "Pombe ilikuwa inanuka muzuri. Nilikungojea we. We njo wa tumbo moja naye, we njo ulilala naye nyumba moja ile siku mbili. Nilisema, kama huyu ananyamaza, iko kitu anajua. Sasa niambie. Ulijua nini?"

Nilikuwa nimefikiri kwamba kunyamaza ni kutofanya kitu.

"Sikujua kitu," nikasema. "Nilikuwa na hasira."

"Ya nini?"

"Ya bitu ya zamani."

Baba mkubwa aliweka ungo chini. Hakunikaripia, na ningependa angenikaripia. Alisema kiwanja bado kipo, majani yameota, na kwamba mtoto akija tena na kinywaji chake, mimi ndiye nitakayeanza kunywa, mbele ya wote, na nitasema kwa mdomo wangu ilivyokuwa. Nikakubali. Nikarudi nyumbani, nikapanga kumwandikia mdogo wangu, nikaahirisha. Nilikuwa na kazi nyingi. Kila siku nilikuwa na kazi nyingi.

Kisha ikaja chupa. Jamaa aliyepitia Bujumbura aliniletea, imefungwa kwenye soksi kama zile za safari ya kwanza. Kwenye karatasi hapakuwa na picha. Kwenye simu kulikuwa na ujumbe wake: ameipika upya kwa ajili ya wazee, ametoa sukari yote, ametoa ndizi, ametoa vanila, imemchukua miezi, sasa haina utamu hata kidogo, nionje nimwambie kama safari hii watainywa. Nilifungua, nikamimina, nikameza. Ilikuwa chungu kama kwinini. Nilitafuta pale penye kuungua, sikupaona. Alikuwa ameung'oa mkate wa mama kidogo kidogo, kwa uangalifu wa fundi, kwa sababu mimi nilimwambia uko tamu mno.

Siku hiyo ndipo niliposhika simu. Nilirekodi sauti, kwa sababu kwa kuandika ningepunguza. Nilimwambia desturi, nani anaanza kunywa na kwa nini. Nilimwambia nilijua kwamba haijui. Nilimwambia kuhusu mtungi niliokuwa naufuta. Nilimwambia zile nne nilizinywa zote, na jina la ladha aliyokuwa anaitafuta, na bakuli, na sahani, na kwamba baba mkubwa anamngoja. Sikulia, wala sikuomba msamaha vizuri, nilisema tu, "Nilikosa." Nikatuma.

Alama za kuonyesha amesikiliza zikawa za buluu jioni ile ile. Jibu lilikuja baada ya siku nne.

"Yaya," aliandika, "nilikuona siku ile ukinywa wa kwanza mbele ya watu wote. Nilifikiri ulikuwa na kiu."

Hajaandika tena.